Kanuni ya Panga

Panga lililokata mgomba mgonjwa lisiguse mgomba mzima kabla halijapita motoni. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika Winifrida Gwimo, bibi shamba wa kata ya Kumsenga, wilayani Kibondo, tangu mnyauko wa migomba ulipoingia huku kwetu. Hakuivunja hata siku moja. Wengi huanguka kwa sababu wamevunja kanuni. Huyu alianguka kwa sababu aliishika, akaipeleka mahali ambapo si pake.

Asiyeujua mnyauko aelewe kwanza. Majani ya mgomba hugeuka manjano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ndizi huiva kabla ya siku zake, na ukizipasua unakuta ndani kahawia, hazifai hata kwa nguruwe. Ukikata shina na kungoja kidogo, utaona majimaji ya manjano yakitoka kwenye kidonda. Hauna dawa. Unang'oa shina lote na kulizika. Na kinachoutoa kwa jirani na kuuleta kwako, mara nyingi, ni panga.

Kwa hiyo Winifrida alitembea na kiberiti. Alipofika kwenye shamba la mtu hakuuliza habari za mvua. Baada ya salamu, ambazo kwa Waha si fupi, aliomba kuona panga. Machi 2012 alimkuta Mzee Anania, mkulima wa miaka sabini, akipogoa majani makavu huku wanaume wawili wakimtazama.

"Mzee Anania, panga hilo limepita wapi leo?"

"Limepita kwa mke wangu, limekata kuni."

"Na kabla ya kuni?"

"Bibi Shamba, unaniuliza kama padri. Nikutajie na dhambi za ujana?"

"Za ujana atakuuliza padri. Mimi nataka za asubuhi."

Wale wanaume walicheka. Mzee Anania akakiri kwamba alfajiri alikuwa amemsaidia ndugu yake kukata mgomba mmoja, mmoja tu, uliokuwa na majani ya manjano.

"Koka moto," Winifrida akasema.

"Utaniharibia makali."

"Makali yananolewa, Mzee wangu. Mgomba haunolewi."

Alisimama pale mpaka moto ukawaka na bapa la panga likawa haligusiki. Mzee Anania alinung'unika kwamba hata mama yake mzazi hakuwahi kumsimamia hivyo. Msimu ule migomba ya ndugu yake iliteketea yote. Ya Mzee Anania ilibaki.

Kwa ndugu zake mwenyewe hakulegeza. Mnyauko ulipoonekana katika shamba la mama mkwe wake, Immakulata, Winifrida alikwenda na vijana wa kijiji wakang'oa mashina arobaini siku moja, yakiwemo yaliyopandwa na marehemu baba mkwe. Immakulata hakumwambia neno msimu mzima. Salamu zake aliziitikia kwa kichwa tu. Winifrida aliendelea kumpigia magoti na kumletea maji ya kuoga, kama inavyompasa mkamwana, wala hakuomba radhi, kwa sababu hakuwa na kosa.

Naeleza haya ili ijulikane kwamba hakuwa mjinga wala mvivu wa kufikiri. Tumezoea kusema ujinga ndio unaoua watu wetu. Ni maneno ya kujipumzisha. Winifrida alikuwa na cheti cha chuo cha kilimo na miaka kumi na minane ya kazi, na akili yake ndiyo iliyompotosha.

Agosti 2012, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, alikuwa akioga baada ya kutoka shambani. Mkono wenye sabuni ulipita juu ya titi la kushoto ukakuta kitu kama punje ya haragwe, kigumu, kisichouma. Alikiacha wiki nane. Oktoba akaenda hospitali Kibondo, akaonana na daktari kijana aliyeitwa Leonidasi. Wazazi wa Leonidasi walikuwa wakimbizi wa zamani kutoka Burundi waliopewa uraia wa Tanzania, wakulima wa migomba na wao. Aliupapasa ule uvimbe, akapapasa kwapa, akakaa kuandika.

"Mama, hiki tusikibahatishe. Nitakata kinyama kidogo, tukipeleke Mwanza wakakiangalie kwa darubini. Baada ya wiki sita tutajua."

"Utakata uvimbe wenyewe?"

"Kipande chake tu."

"Na hicho kisu, kikishagusa uvimbe, kinatokea wapi?"

Daktari alidhani anaulizwa usafi. "Kisu kimechemshwa, Mama. Usiwe na shaka."

"Sina shaka na kisu chako kabla hakijaingia. Nauliza kikitoka."

"Kikitoka tunakitupa."

"Lakini kinatoka kwa kupita kwenye nyama nzima."

Nje kulikuwa na foleni ya watu thelathini. Leonidasi alimwambia afikirie, arudi Jumatatu. Winifrida alishukuru, akatoka, hakurudi Jumatatu. Hakurudi kwa miezi kumi na minane.

Hapo nawalaumu wote wawili. Daktari aliulizwa swali la mtaalamu akajibu kama anamtuliza mtoto. Mgonjwa alikuwa na hoja, akaimeza akaenda nayo nyumbani, kwa sababu huku kwetu mwenye cheti habishani na mwenye digrii. Kama angesema waziwazi, "Daktari, mimi nimeona mnyauko ukihama kwa panga, kwa nini huu usihame?", angejibiwa siku ile ile. Adabu ikafunga mlango.

Nyumbani alimweleza mumewe, Melkiadi, katekista wa kigango. Melkiadi alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa kunyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unaonaje, Mama Aline?" akauliza. Aline ni binti yao wa kwanza.

"Naona nisikatwe."

"Basi tumwachie Mungu."

Mungu hakuwa ameombwa kupima uvimbe. Aliyeombwa alikuwa daktari. Lakini Melkiadi alipenda amani ya nyumba, akaita amani hiyo imani.

Immakulata naye, aliposikia, alifungua kinywa kwa mkamwana wake kwa mara ya kwanza tangu migomba ing'olewe. "Umefanya vizuri, mwanangu. Kule Kasulu kulikuwa na mama mmoja, mke wa muuza chumvi. Alikaa na uvimbe wake miaka mitatu hana neno. Wakamkata. Hakumaliza miezi minne. Kitu hicho ukikitia kisu kinakasirika, kinakimbia mwili mzima."

Hakuna aliyeuliza kama mke wa muuza chumvi alipelekwa kisuni akiwa tayari amekwisha. Habari ya namna hiyo haiulizwi swali. Inapita nyumba hadi nyumba, na kila anayeipokea anaona imethibitishwa na aliyempa.

Kwa Winifrida habari ile haikuwa ushirikina. Ilikuwa sayansi yake mwenyewe inayorudi kwake kwa mdomo wa mkwewe. Alikuwa ameona kwa macho shamba zima likifa kwa sababu ya mkato mmoja. Na aliishika hoja hiyo sawasawa: mganga mmoja wa kienyeji alipotaka kumchanja kwa wembe na kupaka dawa, alimfukuza. Wembe pia ni kisu.

Mwaka 2013 ukapita. Haragwe likawa karanga ya ganda, karanga ikawa yai la kanga. Hakuumwa. Aliendesha pikipiki ya kata, akafundisha, akang'oa, akaunguza mapanga. Alianza kubeba mkoba bega la kulia tu. Kuelekea mwisho wa mwaka ngozi ya titi ikaingia ndani na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu ikageuka kutazama kando. Alivaa sweta hata jua likiwaka. Mkulima mmoja wa Kumsenga, Kezia, mama wa miaka thelathini na sita aliyemsaidia kuandaa shamba darasa, ndiye pekee aliyethubutu kuuliza.

"Bibi Shamba, hiyo sweta inaficha nini, mimba ya titi?"

"Nina baridi."

"Baridi ya Kumsenga inakupata wewe peke yako?"

Winifrida alimwambia apange machipukizi ya migomba kwa mstari. Kezia alipanga.

Aprili 2014, asubuhi moja, alikuta doa kwenye kanga aliyolalia. Majimaji ya manjano, mepesi, yametoka kwenye chuchu. Alilitazama doa lile kwa muda mrefu. Alikuwa amewaonyesha wakulima mamia majimaji kama yale kwenye shina lililokatwa, akiwaambia: mkiona hivi, mmeshachelewa. Siku ya pili alipanda basi.

Leonidasi alikuwa amehamishiwa Kasulu. Winifrida angeweza kuonana na daktari mwingine Kibondo, lakini alimtaka yule yule, kwa sababu ndiye aliyekuwa na deni la jibu. Alimkuta mchana, amekonda, ameanza kuota mvi.

"Mama wa Kumsenga," Leonidasi alisema alipomwona. "Nilikungoja Jumatatu."

"Nimekuja Jumatatu. Ulisahau tu kuniambia ya mwezi gani."

Daktari hakucheka. Alimpima. Kwapani alikuta vivimbe vinne vilivyoshikana. Alinawa mikono, akakaa. Safari hii aliuliza: "Kwa nini hukurudi?"

Winifrida akasema yote. Mnyauko, panga, moto, mashina arobaini ya mama mkwe. Alisema kwa mpangilio, kama anayetoa taarifa ya robo mwaka. Leonidasi alisikiliza bila kumkatiza, kisha akafunga daftari.

"Mama, mnyauko ni mdudu," alisema. "Bakteria. Anatoka nje, anaingia kwenye mgomba, na panga linambeba. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Huku hakuna mdudu. Hakuna kilichoingia. Hizo ni seli, chembe za mwili wako mwenyewe, ulizozaliwa nazo."

"Chembe zangu zinanifanyia nini?"

Leonidasi alifikiri. "Shina moja la mgomba unaliachia machipukizi mangapi?"

"Mama, binti na mjukuu. Mengine naondoa."

"Usipoondoa?"

"Linakuwa kichaka. Yananyang'anyana chakula, hakuna mkungu."

"Sasa sikiliza. Kila chembe ya mwili wako inaweza kugawanyika ikawa mbili. Lakini haigawanyiki inapotaka. Ndani yake kuna protini zinazosimamia zamu hiyo. Moja inaitwa saiklini. Hiyo ndiyo inayosema: wakati umefika, chipua. Ikishasema, inatakiwa iharibiwe, inyamaze mpaka zamu nyingine. Na kuna nyingine za kuzuia. Maarufu kuliko zote haina hata jina, wameipa namba, p53. Hiyo ni kama wewe na kijembe chako cha kuondolea machipukizi. Chembe ikitaka kugawanyika, p53 inaisimamisha: onyesha kwanza kama umekamilika. Ikikuta kasoro inaiambia ngoja, jirekebishe. Ikishindwa kujirekebisha, inaiamuru ife. Kila siku, mwili mzima, chembe zinasimamishwa na nyingine zinauawa, na wewe unakunywa uji wako hujui."

"Na kwangu?"

"Sijui mpaka nipime. Lakini katika saratani ya titi, mara nyingi ndiyo habari yenyewe. Yule anayesema chipua hanyamazi. Na yule mwenye kijembe amekufa, au yuko pale lakini amepofuka. Chembe yenye kasoro inapita, inazaa mbili zenye kasoro. Mbili zinazaa nne. Haiumi, kwa sababu hakuna vita. Ni kuchipua tu."

Winifrida akauliza swali alilokuwa amelibeba mwaka mmoja na nusu. "Na kisu?"

"Kisu kingetuonyesha mapema. Hizi za kwapani hazikuletwa na kisu, Mama. Hujakatwa. Zimekwenda zenyewe."

Hapo ndipo alipoelewa. Hakulia. Alisema, "Basi nilikuwa nalinda nyumba ambayo mwizi ni wa ndani." Kisha akavua sweta, akamwambia akate.

Majibu ya Mwanza yalithibitisha saratani. Julai 2014 alikwenda huko, titi likaondolewa lote pamoja na vivimbe vya kwapa. Kabla ya upasuaji alikuja mtafiti mmoja akaomba ruhusa ya kupima kipande cha uvimbe, kuona protini zile zinafanyaje kwa wanawake wa kanda ya ziwa na magharibi. Akaeleza kwamba majibu yatachukua muda na pengine hayatamsaidia yeye. Winifrida aliweka sahihi. Kwake lilikuwa shamba darasa kama mashamba darasa mengine.

Alitiwa dripu za dawa kali mara nne kati ya sita zilizopangwa. Nywele zilikwisha, kucha zikawa nyeusi. Oktoba alirudi kazini Kumsenga akiwa amefunga kitambaa kichwani, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwaita wanawake wa shamba darasa, kumi na tisa, chini ya paa la bati la ofisi ya kijiji. Hakuzungumzia migomba.

"Nimewafundisha panga kwa miaka mingi," aliwaambia. "Mlinisikia. Sasa nisikieni tena. Panga la mgomba ni la mgomba. Titi si mgomba. Mwenye uvimbe aende akakatwe upesi. Mimi nilikosea."

Wanawake walitazama upande wa kushoto wa kifua chake, palipokuwa bapa. Kezia alikuwa mstari wa mbele. Aliinua mkono.

"Kabla hawajakukata ulikuwa unaendesha pikipiki."

"Ndiyo."

"Sasa unaiendesha?"

"Siwezi. Mkono umevimba."

"Na mgongo? Nimekuona unashika mgongo."

"Unauma kidogo."

"Ulikuwa unauma kabla ya kisu?"

Winifrida alisema, "Hapana." Hakuwa na desturi ya kusema uongo, hata ule ambao ungemsaidia.

Hakuna aliyeuliza tena. Waliimba wimbo wa kumpa pole, wakamchangia mkungu mmoja wa ndizi za kupika, wakaenda zao. Njiani, Kezia aliwaambia wenzake kwamba Bibi Shamba wamembadilisha huko Mwanza. Miaka yote amesema kisu kinahamisha ugonjwa, leo amekatwa, ugonjwa umehamia mgongoni, halafu anasema kisu hakina neno. "Mtu aliye ndani ya shimo hakuambii shimo ni refu," alisema. Wote waliona ni maneno ya hekima. Yalikuwa maneno ya hofu yaliyovikwa hekima, nayo hutembea haraka kuliko ukweli wowote.

Siwezi kuwalaumu bila kumlaumu na mwalimu wao. Alikuwa amewafundisha vizuri mno. Kanuni iliyopandwa kwa miaka, kwa moto, na kwa mashina arobaini ya mama mkwe, haing'olewi kwa mkutano mmoja.

Februari 2015 mgongo ulikuwa umemlaza. Picha zilionyesha ugonjwa umeingia kwenye mifupa na ini. Wiki hizo hizo karatasi ya utafiti ilifika kwa Leonidasi, naye hakuituma kwa mtu. Alipanda basi kutoka Kasulu Jumamosi, akaja Kumsenga, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Immakulata alimpokea bila kumtazama usoni, akampa maji. Melkiadi alisimama mlangoni.

"Nisomee," Winifrida alisema.

"Saiklini yako ni nyingi kupita kiasi. Mara kadhaa ya inavyotakiwa. p53 ipo, lakini imevunjika, haifanyi kazi. Na kuna alama nyingine wanayoitumia kuhesabu chembe zilizo katika kugawanyika. Kwako ni zaidi ya nusu."

"Zaidi ya nusu zinachipua."

"Wakati ule walipokata, ndiyo."

"Nilivunja nini? Nilikula nini?"

"Hukuvunja kitu. Hutokea."

Winifrida hakuridhika na jibu hilo, na mimi sijaridhika nalo mpaka leo, lakini ndilo la kweli. Si kila baya lina mkosaji. Kinachokuwa na mkosaji ni muda uliopotezwa.

"Kuna dawa ya kumnyamazisha huyo anayesema chipua?"

Leonidasi aliikunja ile karatasi. "Ipo moja. Imekubaliwa Marekani mwezi huu huu. Haimgusi saiklini mwenyewe, inamzuia yule anayeshirikiana naye, kazi isifanyike."

"Hapa ipo?"

"Haipo."

"Itafika?"

"Siku moja itafika."

"Lakini si kwangu."

"Si kwako, Mama."

Melkiadi akasema kutoka mlangoni, "Daktari, ungemwachia tumaini."

"Baba Aline, nyamaza," Winifrida alisema. "Tumaini lilikuwa Oktoba ya mwaka wa kumi na mbili." Akamgeukia daktari. "Ningekubali siku ile, ningepona?"

"Sisemi ungepona. Kwa karatasi hii, ulikuwa ugonjwa mkali tangu mwanzo. Lakini kwapani siku ile hapakuwa na kitu. Niliandika. Wengi wanaokatwa hapo wanaishi."

"Wengi."

"Wengi."

"Ego," alisema Winifrida, neno la Kiha la kukubali, akafumba macho. Immakulata, aliyekuwa amekaa sakafuni muda wote, aliuliza kwa Kiha kama daktari amesema kwamba kisu ndicho kilichoharibu. Melkiadi alimweleza kwamba hapana. Alimweleza mara mbili. Bibi yule alitikisa kichwa kwa huruma, kama mama anayeona mwanawe amedanganywa.

Mei mwaka ule Warundi walianza kuvuka mpaka kwa maelfu kukimbia machafuko kwao. Kituo cha mpakani cha Manyovu kilijaa, barabara ya Kasulu ikajaa mabasi na malori ya kuwapeleka kambini, na madaktari wote wenye kujua Kirundi wakaitwa. Leonidasi hakuweza kuja tena. Vidonge vya maumivu alivyomwachia Winifrida viliisha katikati ya mwezi. Vyenye nguvu zaidi vilipaswa kufuatwa mbali, na Melkiadi alikwenda mara moja, akarudi na vya siku sita. Siku zilizobaki alikuwa na maombi na maji ya uvuguvugu mgongoni. Wanakwaya walikuja kuimba. Alipoweza kusema, aliwaomba waimbe polepole, kitanda kinatetemeka.

Siku tatu kabla ya kufa alimwita Aline, binti yake wa miaka kumi na tisa, akamshika mkono na kumwonyesha kwenye kifua cha binti mwenyewe namna ya kupapasa, kwa vidole vitatu, kwa kuzunguka. Immakulata aliingia, akaona, akasema si adabu kufundisha mtoto kujishika. Aline alishusha blauzi. Winifrida hakuwa na sauti ya kubishana.

Alikufa Jumanne, tarehe 9 Juni 2015. Mazishi yalihudhuriwa na watu wengi, maana hakuna shamba katika kata ile ambalo hakuwahi kulikanyaga. Mzee Anania alisema kaburini kwamba migomba yake mia mbili inasimama kwa ajili ya mwanamke yule, na kweli inasimama. Nyuma yake, kwenye mikeka ya wanawake, mazungumzo yalikuwa mengine. Walihesabu kwa vidole: alikatwa Julai, amekufa Juni. Miezi kumi na moja. Kabla ya hapo alikaa na uvimbe karibu miaka miwili akiwa mzima, juu ya pikipiki. Hesabu haikuwa na kosa la kujumlisha. Kosa lilikuwa katika kilichohesabiwa, na hakukuwa na mtu mikekani wa kulionyesha, kwa sababu aliyeweza alikuwa ndani ya sanduku.

Septemba Kezia aligundua uvimbe kwenye titi lake la kulia. Mumewe alimwambia mwalimu wa shule ya msingi, mwalimu akampigia simu Leonidasi, na Leonidasi, katikati ya kazi ya kambini, alituma nauli na jina la nesi wa kumpokea Kasulu. Kezia aliirudisha nauli. Alituma ujumbe kwa heshima zote: anamshukuru daktari, anamwombea, lakini Bibi Shamba alikuwa mwalimu wake na ameona yaliyompata. Desemba uvimbe ulikuwa na ukubwa wa karanga ya ganda. Hauumi, anasema. Analima.

Kushika kanuni ile mahali pasipo pake kuligharimu miezi kumi na minane, titi moja, na maisha ya Winifrida Gwimo katika mwaka wake wa arobaini na nne. Ameacha mume, watoto watatu, na wanawake kumi na tisa wa Kumsenga ambao hawatakubali kupimwa.